Mwalimu Aliyefeli Mtihani wa Pombe

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, katika uwanja wa kanisa letu hapa Mbololo, siku ile walipokuja kupima watu presha na sukari bila malipo. Saa naijua kwa sababu Mwalimu mwenyewe aliitazama saa yake ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni kuhakikisha inatembea, kisha akamwambia daktari kwa ile sauti aliyokuwa akinyamazishia darasa la saba:

"Madam, andika hiyo saa. Nataka ijulikane nimeugua saa ngapi. Mpaka saa kumi na dakika kumi na tisa nilikuwa mzima."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Mimi sikucheka, na si kwa heshima. Nikicheka mbele za watu huwa natoa sauti kama ya mbuzi, na nilikuwa wa pili nyuma yake, nimemshikia mama laini.

Daktari alikuwa msichana wa Makwasinyi, kule Kasigau, mwembamba, mwenye sauti ya upole na uso usiotishika. Alikuwa akimaliza kukupima presha anakuuliza maswali ya pombe kama ni mtu mzima. Mwalimu aliyajibu yote kwa majivuno, maana alijua ni mtihani aliokwisha kuupita.

"Mwalimu, sijasema unakufa," daktari alisema. "Nimesema majibu yako yanaonyesha una tatizo la pombe, la kiwango cha chini."

"Mimi nimeshapimwa! Nikiwa bado kazini, pale Voi, na daktari mzee mwenye miwani mizito. Aliniuliza, nikajibu, akasema sina ugonjwa. Tangu siku hiyo sijaongeza hata tone. Sasa huu ugonjwa umeingilia wapi?"

"Haujaingia. Ni kipimo kimebadilika. Zamani ilihesabiwa kuwa magonjwa mawili, kutumia pombe vibaya na kuwa mtumwa wa pombe, kila mmoja na maswali yake. Kwa ule wa pili ulihitaji ndiyo tatu. Siku hizi yamewekwa pamoja, maswali kumi na moja, na ndiyo mbili zinatosha. Swali la kushikwa na polisi limetolewa. Swali la hamu limeongezwa."

"Hamu gani?"

"Ile kiu inayokukamata mpaka huwezi kufikiria kitu kingine. Si umeniambia mwenyewe? Ikifika saa kumi na moja unusu huwezi kusahihisha hata hesabu ya mtoto."

Mwalimu akageuka akaniangalia. Mtoto huyo ni mimi.

"Na nilipokuuliza kama umewahi kuacha jambo la maana kwa sababu ya kinywaji, ukasema, 'Ndovu tu.' Hizo ni mbili."

Mwalimu alifumba macho akipiga hesabu. "Mbili kwa kumi na moja. Asilimia kumi na nane na kitu. Tangu lini mtu akapita mtihani kwa asilimia kumi na nane?"

"Hapa kupita ndiko kufeli, Mwalimu," daktari alisema, kisha akaita, "Anayefuata."

Mwalimu alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, waulize wengine. Mimi namjua kuanzia kwenye ua wetu, kwa sababu ni jirani, na ua wetu ndio ua wake. Namjua kwa kikohozi, kwa redio, kwa harufu ya sabuni anayofulia mashati yake meupe, ambayo kola zake huzigeuza zikichakaa upande mmoja. Miaka mingi imepita tangu astaafu lakini bado ana vumbi la chaki kwenye mikunjo ya vidole. Mama anasema hulipaka makusudi.

Neno lake kubwa ni moja: "Onyesha kazi." Alilitumia darasani kwa hesabu, kisha akatoka nalo nje. Baba akisema mwaka huu mvua itakuwa nzuri, Mwalimu anamwambia, "Onyesha kazi." Mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba mwisho wa dunia umekaribia, na kutoka benchi ya tatu ikasikika sauti ya chini, yenye adabu kabisa, "Onyesha kazi, mchungaji." Shemasi alilazimika kuanzisha wimbo.

Mimi alinipa jina Kimya. Nilianza kwenda kwake jioni kufundishwa hesabu nikiwa kidato cha kwanza, na kwa muhula mzima nilimjibu kwa kichwa tu. Watu wengine huniambia, "Ongea basi, umeng'atwa ulimi?" Yeye hakuwahi. Alisema, "Wanaoongea nimewafundisha miaka mingi, na wote wamekuwa wanasiasa. Wewe kaa hapo, fanya hesabu." Nadhani ndiyo sababu nampenda, ingawa sijawahi kumwambia, na sijui hata ningeanzia wapi.

Sasa nieleze ile chupa. Ni chupa ya chai nyekundu yenye maua ya waridi ubavuni, na chai haijaingia humo tangu nizaliwe. Saa kumi na mbili kamili jioni Mwalimu huketi barazani, huifungua, na hunywa mbangara, pombe yetu ya kienyeji, kikombe cha kwanza haraka na cha pili polepole. Halafu hukipindua kikombe juu ya kifuniko na kutangaza, "Kipindi kimeisha." Hakuna siku nilimwona akinywa cha tatu. Hakuna siku alianguka, alitukana, au aliimba. Walevi aliwadharau kuliko mtu yeyote ninayemjua. "Mlevi," alikuwa akisema, "ni mtu asiyejua kuhesabu mpaka mbili."

Na hapo ndipo pachekeshapo, kwa sababu mtu huyuhuyu ambaye vikombe vyake havikuzidi wala kupungua alikuwa bingwa wa kuhamisha alama ya kupita.

Hadithi hii ni ya mama. Mama alikuwa mwanafunzi wake, na mwaka mmoja kwenye mtihani wa kufunga shule alipata hamsini na nane. Alama ya kupita ilikuwa hamsini na tano. Mama alikwenda nyumbani akakata ua la boga, akalitia kwenye nywele, akalala mshindi. Usiku huo Mwalimu aliona waliopita wamekuwa wengi mno, akaona mtihani haukuwa mgumu vya kutosha, akaipandisha alama mpaka sitini. Asubuhi mama alifika shuleni na ua lake, akaambiwa apange laini ya waliofeli.

"Nililala nimepita, nikaamka nimefeli," mama hupenda kusema, "na kwenye usingizi sikufanya kosa lolote."

Kwa hiyo jioni ile ya Jumanne, tuliporudi kutoka uwanjani, Mwalimu alisimama kwenye ua akamwambia mama kwa uchungu mkubwa, "Mama Kimya, hebu fikiria. Jana nimelala mzima, leo nimeamka mgonjwa, na sikufanya kosa lolote! Ni haki hiyo?"

Mama alimwangalia. Kisha akaingia jikoni akafunga mlango, na nikamsikia akicheka, akicheka, mpaka ugali ukashika chini ya sufuria tukala na ukoko.

Ubaya zaidi ulikuja kupitia kwa Fundi. Fundi ni jirani wetu wa upande wa juu, hutengeneza baiskeli mchana na ndiye anayepika mbangara ya kijiji. Kwa sababu hiyo amewekwa ndani na chifu mara nyingi kiasi kwamba ana blanketi lake kule. Mwenyewe hunywa Jumamosi tu, na kidogo, maana anasema kunywa mali yako ni hasara. Lakini yule daktari mzee wa Voi alikuwa amempima pia, miaka ile ile, na kwa sababu ya lile swali la polisi akamwandika mgonjwa. Swali moja tu lilitosha kwa ule ugonjwa wa kwanza, wa kutumia vibaya. Mwalimu aliibeba habari hiyo kama kombe. Kila akienda kujaziwa chupa, alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Mgonjwa, hujambo?"

Jumanne ile Fundi alipimwa mara tu baada ya Mwalimu. Akaulizwa maswali kumi na moja, akajibu hapana kumi na moja. Akasubiri la polisi. Halikuja. Akalidai mwenyewe.

"Daktari, umesahau la selo."

"Hilo halipo tena, mzee. Huna tatizo."

Fundi aliinua mikono kama mtu aliyeokoka. "Nimepona! Jamani, nimepona bila dawa!" Na kesho yake Mwalimu alipokwenda na chupa yake, Fundi alikuwa amekaa mlangoni anamngoja, mguu juu ya mguu.

"Mgonjwa," akasema, "hujambo?"

Mwalimu alirudi na chupa tupu siku hiyo, kwa hasira. Saa kumi na mbili ikafika. Saa kumi na mbili na robo alipanda tena kwa Fundi. Hili nililiona kupitia ua, na sikumwambia mtu.

Lakini nisikudanganye, daftari langu, kwamba haya yote yalikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na jambo la binti yake.

Mwalimu ana mtoto mmoja. Mkewe alifariki zamani, na binti alilelewa nusu na baba yake na nusu na shangazi zake. Alikuwa rafiki ya mama, ndiye aliyenifundisha kusuka. Miaka mitatu iliyopita kijana wa Salaita, kule karibu na Taveta, alileta wazee wake kuposa. Ni watu wa kanisa lisilogusa pombe hata kwa harufu, kwa hiyo shangazi waliificha ile chupa nyekundu asubuhi na mapema. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mbuzi walikuwa wamefungwa kando ya nyumba, sisi wasichana tulikuwa tunapakua pilau. Ilipofika saa kumi na mbili Mwalimu akasimama, akasema, "Samahani wageni, nina dharura ndogo," akatoka.

Wageni walingoja. Pilau ilipoa. Giza lilipoingia na mwenye binti hajaonekana, wazee wa Salaita wakatazamana, wakaelewa kwamba kijana wao hatakiwi na hii ndiyo njia ya kistaarabu ya kuambiwa. Wakawapandisha mbuzi kwenye pikapu na kuondoka. Mwalimu aliwakuta njiani wakiteremka. Aliwapungia mkono.

Binti alimfuata kijana wake baadaye, bila baraka na bila mbuzi. Tangu hapo hakukanyaga Mbololo. Mtu akimuuliza Mwalimu, hujibu, "Nilikuwa na dharura." Na mtu akithubutu kusema dharura hiyo ilikuwa kwenye chupa, huinua kidole chenye chaki: "Mimi nimepimwa. Daktari alisema sina ugonjwa. Binti yangu ananisingizia."

Mwaka huu binti amejifungua. Kwetu, mzazi akiwa na kinyongo na mtoto wake, kinyongo hicho huhesabiwa kuwa kinaweza kumfuata mpaka mjukuu, hata mzazi mwenyewe asipotaka. Dawa yake ni kutasa. Mwenye kinyongo hupiga funda la kinywaji, hulipuliza nje lote, litoke na hasira yake, kisha hukitaja kile kilichomkasirisha. Wengine hutumia mbangara, wengine maji ya miwa, watu wa kanisa hutumia maji matupu. Lenye uzito ni kutaja. Usichokitaja hakitoki.

Binti alimpigia mama simu: "Nitamleta mtoto atasiwe. Lakini baba aseme mbele ya watu ile dharura ilikuwa nini. Akisema tena 'dharura', naondoka na mtoto wangu na hatamwona."

Mama alimfikishia Mwalimu ujumbe huo wiki moja kabla ya ile Jumanne. Mwalimu alijibu, "Mwambie mimi nimepimwa." Sasa unaona kwa nini aliugua vibaya hivyo pale uwanjani. Hakuwa amenyang'anywa afya. Alikuwa amenyang'anywa jibu.

Kama mtu wa shule, aliamua kurudia mtihani. Daktari alisema atakuja tena mwezi unaofuata, na Mwalimu akataka kujiandaa. Jumamosi aliniita.

"Kimya, wewe huna mdomo, ndiyo maana nimekuchagua. Leta simu ya mama yako. Tafuta hayo maswali kumi na moja. Utaniuliza, nitajibu, tutaona nimekosea wapi."

Nilikaa kwenye kigoda, yeye kwenye kiti chake cha barazani, amevaa shati jeupe na tai. Naapa, alivaa tai. Ilikuwa saa kumi na moja na kitu. Ilibidi niongee, na sauti yangu ilitoka ndogo.

"Umewahi kunywa zaidi kuliko ulivyopanga?"

"Kamwe. Vikombe viwili. Endelea."

"Umewahi kutaka kupunguza ukashindwa?"

"Sijawahi kutaka. Hapana."

"Ukikosa, mikono inatetemeka?"

Alinyoosha mikono. Ilitulia kama rula. "Ona. Hapana kubwa."

"Unapata hamu kali ya kunywa?"

Alitazama saa. Akatazama mlango, ambao nyuma yake nilijua chupa imekaa. Akatazama saa tena.

"Hilo swali halikuandaliwa vizuri," alisema. "Liulizwe asubuhi."

"Tuandike ndiyo?"

"Tuliache wazi. Mtahiniwa ana haki ya kuanza na yale anayoyaweza."

Nikashuka mpaka nikafika kwenye lile.

"Umewahi kuacha jambo la maana, au kulikatiza, kwa sababu ya kinywaji?"

"Hapana."

"Mwalimu. Ndovu."

Kila mtu hapa anajua habari ya ndovu. Waliingia shambani kwake msimu wa mahindi, jioni, na kijiji kizima kikatoka na sufuria na tochi kuwafukuza. Mwalimu alikuwa kwenye kikombe cha pili. Alikimaliza polepole, kama kawaida, akakipindua, akatangaza kipindi kimeisha, ndipo akachukua sufuria. Ndovu nao walikuwa wamemaliza.

"Ndovu si jambo la maana," alisema bila kupepesa. "Ndovu ni wa serikali. Andika hapana."

Hapo ningeweza kuandika hapana. Alikuwa ananitazama kwa furaha, anaamini amepata mwanya, na mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa mguu ndiye ninayeomba msamaha. Sijui ile sauti ilitoka wapi.

"Na wageni wa Salaita?"

Kwenye nyaya kulikuwa na ndege wanapiga kelele, nikatamani wazidishe. Nilifikiri atanifukuza. Badala yake alisema polepole, macho yake yako kwenye magoti:

"Onyesha kazi."

Basi nikaonyesha. Nilimwambia hatua kwa hatua kama hesabu, kwa sababu sikujua njia nyingine. Kwamba mpaka saa kumi na mbili kasoro alikuwa amekaa na wageni akicheka. Kwamba hakuna simu iliyolia na hakuna mtu aliyekuja kumwita. Kwamba chupa ilikuwa imefichwa kwenye pipa la unga, na nilimwona amesimama mbele ya kabati, halafu jikoni, halafu akapita mlango wa nyuma. Kwamba njia ile inakwenda kwa Fundi tu. Kwamba nilikuwa na sinia la pilau mkononi na alinipita bila kuniona.

"Kwa hiyo jibu," nikasema, na sikuweza kulisema jibu.

Alichora alama ya tiki hewani kwa kidole.

"Sahihi," alisema. "Alama zote. Nenda nyumbani, Kimya."

Nilipofika kwenye ua niligeuka. Saa kumi na mbili ilikuwa imefika na alikuwa anamimina. Alikunywa cha kwanza haraka na cha pili polepole. Lakini hakutangaza kitu, na alipomaliza aliita kupitia ua, si kwa ile sauti ya darasa, "Mama Kimya. Mpigie. Mwambie aje."

Walikuja Jumapili iliyofuata, alasiri, binti na mumewe na mtoto amefungwa mgongoni kwa leso. Binti alikuwa amenenepa, na alimsalimu baba yake kwa mkono, kama mgeni. Shangazi walikuwepo, mama na baba, Fundi na kofia ya kanisani. Mazungumzo ya kuzunguka yalikuwa marefu, kila mtu akisifu barabara na hali ya hewa, na nadhani Mwalimu ndiye aliyeyarefusha, kwa sababu hatimaye alipotoka ndani na ile chupa nyekundu ilikuwa ni saa kumi na mbili.

Shangazi mmoja alishika kichwa. Alikuwa amekwisha kuandaa maji kwenye kibuyu.

"Baba," binti alisema, "kuna maji."

"Maji nitayatema bila taabu," Mwalimu alisema. "Mtihani rahisi si mtihani. Wewe ulisema niseme mbele ya watu. Kaa hapo."

"Ukimeza, naondoka."

"Nikimeza, nitakubebea mzigo mpaka stendi."

Alimimina kikombe. Mkono ulikuwa umetulia. Akapiga funda, mashavu yakajaa, na watu wazima kumi na kitu wakawa wanatazama koo la mzee mmoja. Niliona lile fundo la koo linapanda. Likasimama. Mume wa binti alikuwa amemshika mkewe mkono. Fundi alikuwa ananong'ona, "Usimeze, ndugu yangu, usimeze," yeye aliyeipika.

Mwalimu alipuliza. Ilitoka kama manyunyu, ikaanguka mchangani, na harufu yake tukaisikia sote.

"Siku ile," alisema kwa Kidawida, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mkwewe aelewe, "haikuwa dharura. Ilikuwa saa kumi na mbili."

Akapiga funda jingine, akalipuliza.

"Nilikukasirikia kwa sababu ulijua. Kila mtu aliniambia mimi mzima, hata daktari aliniambia, na wewe peke yako ulijua."

Funda jingine.

"Na wale mbuzi niliwaona kwenye pikapu. Nikapunga mkono."

Aliendelea hivyo, funda na neno, funda na neno, mengine sikuyaandika kwa sababu si yangu, mpaka akakigeuza kikombe na kikaonekana kitupu, na akaimimina chupa tena, na ikawa tupu pia. Binti alikuwa analia bila kujifuta. La mwisho alimpulizia mtoto, kwa mbali, na upepo ukalisogeza kuliko alivyokusudia. Mtoto akakunja uso, akalamba mdomo, akapiga chafya.

"Huyo naye apimwe," Fundi akasema.

Nikacheka. Ile sauti ya mbuzi, mbele za watu wote. Ndipo na wengine wakacheka, na binti akamfungua mtoto mgongoni akamweka kwenye mikono ya Mwalimu, na Mwalimu akabaki amemshika vile watu hushika karatasi za mtihani wa taifa, anaogopa hata kumkunja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka sasa. Sikuuliza kama hiyo ingehesabiwa.

Daktari wa Makwasinyi hajarudi bado. Mwalimu anasema akija atajibu ndiyo mbili zilezile, "na asinitafutie ya tatu." Hakusema ameacha. Alisema, "Tutaona muhula huu."

Lakini nilikuwa nataka kuandika kuhusu asubuhi ya kesho yake, Jumatatu. Niliamka kabla ya wengine. Chupa nyekundu ilikuwa imeachwa juu ya ua, haina kifuniko. Niliichukua. Niliisugua ndani kwa jivu na kijiti, nikaisuuza, nikanusa, nikaisugua tena, nikaisuuza kwa maji ya moto mpaka ikanuka jivu tu. Kisha nikapika chai ya maziwa na tangawizi, nikaijaza, nikazunguka kwa lango badala ya kuongea kupitia ua. Nilikuwa nimeshavaa sare na nilijua nitachelewa.

Mwalimu alikuwa barazani na mjukuu amelala kwenye paja lake. Binti alikuwa ndani anapiga deki. Niliweka chupa chini, nikammiminia. Alikunywa, akaiviringisha mdomoni muda mrefu, nikafikiri ataipuliza. Akaimeza.

"Ina jivu," alisema. "Na sukari umeihurumia. Sita kwa kumi."

Zamani ningetikisa kichwa na kwenda zangu.

"Alama ya kupita ni ngapi?" nikamuuliza.

Alimtazama mtoto, akatazama saa yake, ambayo ilikuwa inasema saa kumi na mbili unusu, lakini ya asubuhi.

"Ngoja kwanza ninywe cha pili," alisema, na akanyoosha kikombe.